Nyumba ya Mzee Eleuterio Inavutwa Leo

Mama,

Alfajiri amebisha hodi mgeni, kalowa chapachapa. "Wewe ndiye binti wa marehemu Rosendo? Bahari imefika mlangoni kwa Mzee Eleuterio. Nyumba yake nzima inavutwa leo kwa kamba na maksai, ihamie juu mbali na maji."

Nikamwambia leo napanda kivuko, naenda kuanza kazi Santiago. Akacheka: "Basi tutafunga kamba kwenye cheti chako cha chuo!"

Viazi viko jikoni, naomba uvichemshe vyote. Kuku hawajala.

~~Nimekwenda kupanda kivuko.~~ Hapana, Mama.

Unakumbuka nyumba yetu ilipovutwa? Nilikuwa ndani na paka, nachungulia dirishani, kisiwa kizima kikiimba kwenye kamba, Mzee Eleuterio mbele na maksai wake. Baba akamwambia, "Siku yako ikifika, tutakuja."

Chuoni nilitamani mahali ambapo hakuna jirani wa kunigongea mlango. Lakini usingizini niliusikia wimbo ule.

Nimewapigia Santiago. Nafasi wanampa mwingine. Nimelia kidogo, sikufichi.

Maksai wetu nimewachukua wote wawili. Njoo na viazi, wavutaji watakuwa na njaa.

Binti yako, kwa niaba ya Baba