Masengo, Tenke Nitashuka

Masengo wangu,

Sasa hivi Ntumba ametia mguu juu ya Italia. Nilikuwa nimefungua karta kwenye mukeka, niko nafuata na kidole njia ya treni toka Roma mpaka kwa Ma Sœur, yule sista wetu, Ntumba akauliza hii ni nini. Nikamwambia ni inchi, iko sawa kiatu. Akaenda inje, akarudi ameosha mguu moja tu, maji yanachuruzika, akakanyaga pale katikati. "Mama, ni kidogo. Hainienei." Nilicheka mpaka machozi, halafu yale machozi yakaendelea yenyewe, juu nilikukumbuka. Ulimuacha anajua maneno mawili matatu. Leo anakataa kiatu.

Haya ningekuja kukuambia kule kwenye kaburi lako, sawa vile nilikuwa nakuja kila Jumapili. Lakini njia ya makaburi haipitiki tena kwetu. Bijana bamekaa kwenye kona na bitambaa kichwani, banauliza kila mutu jina la baba yake. Jina la baba yangu unalijua. Njo maana naandika.

Masengo, batu bamegeuka. Ilianza kwenye bomba la maji: nikifika, bamama banasogeza ndoo zao kando, polepole, sawa vile niko na ugonjwa. Halafu neno likaanza kutembea: bilulu. Sisi wa Kasaï ni bilulu, wadudu wa kula shamba la wengine, turudi kwetu. Kwetu wapi? Babu yangu aliletwa hapa kuchimba shaba akiwa kijana. Mi na wewe tulizaliwa kwenye chumba kimoja cha hospitali, wewe ulitangulia wiki moja, na hiyo wiki ulinitesa nayo maisha yote: "Mi ni mukubwa yako, lete kiti."

Bwana yangu, Papa Ntumba, kazini bamemunyang'anya karta yake ya kuingilia kwenye mulango. Bakamwambia aende kupumzika nyumbani. Alikaa, akavua viatu vya kazi, akaanza kuvipaka rangi, vikang'aa, akaviweka ndani ya sanduku.

Juzi mama moja nisiyemujua akaingia ndani ya lupango, kiwanja chetu. Alisalimia vizuri kabisa, na heshima. Akatoa uzi kwenye mukoba, akapima madirisha yetu, moja moja, sawa mutu anayetaka kutia mapazia yake, akafunga fundo kila fasi. Akaniuliza kama paa linavuja. Mi nikamujibu, Masengo! Nikamwambia linavuja kidogo upande wa jikoni. Akasema asante, akaenda. Nikabaki nimesimama na mwiko mukononi, sijui nimefanya nini.

Na Banza, mudogo wako. Banza aliyekula bukari yangu miaka yote, aliyemubeba Ntumba kwenye mabega. Alikuja na kipande cha makala, akachora musalaba kwenye mulango wetu. Hakuniangalia uso. Akasema chini chini: "Yaya, dada, usifute. Ukifuta, bataandika na kitu kingine." Sijafuta.

Katikati ya hayo yote mi niko nachagua bitabu vya Italia. Najua, ungesema nimepata wazimu. Lakini tiketi yangu ya ndege imefika. Barua ya Ma Sœur iko na majina mawili mpaka leo, lako na langu, hakutaka kukata lako. Anasema niende miezi mitatu, nijifunze kukata nguo sawasawa, kwa rafiki yake mwenye kiwanda kidogo cha kushona. Pasipoti nayo ilitoka. Papa Ntumba alitia sahihi ile karatasi ya kuruhusu muke asafiri, akasema: "Nenda, njo utashonea hawa waheshimiwa makoti yao ya abacost na bei ya Roma." Bado anaweza kuchekesha. Wakati ule tulifikiri tungefuatana na basista, batushike mukono mpaka kule. Sasa basista bamefunga nyumba bameenda. Nitatembea peke yangu.

Papa Ntumba anasema kila mutu sanduku moja, na bitabu viko vitatu. Cha kwanza ni kile chekundu cha Ma Sœur, kinene sawa tofali. Ni makanisa na sanamu tu, hakiruki hata nguzo moja, lakini hakuna fasi imeandikwa mutu analala wapi.

Cha pili unakikumbuka. Ulikiokoa sokoni wewe mwenyewe, kwa yule mama wa karanga, baada ya nyumba za bazungu kuporwa. Alikuwa anakichana karatasi moja moja, anafungia karanga. Ulimufokea: "Mama, unauza Italia na karanga?" Akakujibu bila haya: "Venise ilishakwisha asubui. Ukitaka Roma, harakisha." Tulicheka mpaka njia yote tukawa tunashikana. Usiku ulikuwa unanisomea, juu wewe ulifika secondaire, mi niliishia la sita na Kifaransa changu kinatembea na fimbo. Uliandika pembeni na kalamu: *hapa tutakula*. *Hapa Kapinga atapotea.* Njo kitabu ninachokipenda kupita vyote, na njo kile hakinifai. Kurasa zimekwisha fasi nazihitaji.

Cha tatu ni kidogo, Ma Sœur alikituma na tiketi. Hiki nimekisoma mwenyewe, neno kwa neno, siku kumi na mbili. Kiko na sura moja ya wanamuke wanaosafiri peke yao. Inasema hivi: shika mukoba mbele, usiubebe kwa nyuma. Wakikuita barabarani, usijibu, usigeuke, usikimbie, tembea sawa mutu anayejua anaenda wapi. Ukiogopa, simama karibu na mama mwenye batoto. Masengo, ni ya Italia ile, lakini mi niko naifanya hapa. Kila siku nikienda sokoni natembea na sura ile kichwani. Jana kwenye kona bakaniita, "Kilulu! Treni yako iko tayari?" Sikujibu, sikugeuka, sikukimbia. Niliona mama mwenye batoto wawili, nikaenda kusimama karibu naye. Akaniangalia, akavuta batoto wake, akaondoka. Kitabu hakikusema nifanye nini hapo.

Na Kasaï hakuna kitabu. Niliwaza hivyo jana nikiwa nafunga bitu. Italia najua treni inatoka wapi, mukate unaombwa namna gani, mulango wa kanisa unafungwa saa ngapi. Kule banakosema ni kwetu sijui hata asubui wanasalimiana namna gani. Papa Ntumba naye hajui. Yuko na jina la kijiji na jina la mujomba, basi.

Unakumbuka ile siku tulienda Tenke kutafuta mihogo? Tulisimama kwenye gare ya treni, wewe ukanyoosha mikono miwili sawa polisi. Huku Lubudi, mpaka Kasaï. Huku Lubumbashi, na kutoka Lubumbashi ndege. "Treni hii ya kwenu, bibi, ile ya Roma. Chagua, haraka, nimechoka mikono!" Mi nikasema naenda Roma na wewe utanibebea sanduku.

Sasa ile treni banayotupakia kesho kuturudisha Kasaï, ya mabehewa ya mizigo, itapita pale pale. Inasimama Tenke muda mufupi tu, halafu inaenda Lubudi na hairudi.

Papa Ntumba amesema nishuke. Alisema mara moja tu, akiangalia ukuta: "Wewe utashuka Tenke, mi na mutoto tutaendelea. Ukifika na sisi kule, Italia imekufa." Zamani Ntumba angebaki kwa mama yako, alishaniahidi. Lakini Ijumaa mama yako alipita kwa nyuma, ndani ya mihogo, bamuone tu mbuzi. Akanishika mashavu. "Mutoto wangu, siwezi tena. Banza mwenyewe njo atawaonyesha mutoto." Alilia, mi njo nikamubembeleza.

Siku tatu sikulala. Nikimwangalia Ntumba naona lile behewa, naona joto, naona kikohozi chake cha asubui, na mi niko mbali nakata nguo za batu. Halafu leo, ndani ya kitabu kidogo, karibu ya mwisho, nimekuta mustari. Mutoto ambaye hajatimiza miaka mine halipi kwenye treni za kule, anakaa kwa mama yake. Nimeisoma mara kumi. Ntumba anatimiza mine mwezi wa tisa. Na kwenye pasipoti yuko, jina lake chini ya picha yangu. Basi anaweza kukaa kwa mapaja yangu toka Tenke mpaka kwa Ma Sœur! Nilimuonyesha Papa Ntumba. Alisoma pole pole, akasoma tena, akafunga kitabu, akakitia mwenyewe ndani ya sanduku langu, chini kabisa, akasema ni vizuri. Hakuniangalia, lakini ni uchovu tu.

Kwa hiyo nimechagua. Bitabu viwili vingine nitampa mama yako. Akivificha ni sawa, akiwashia moto ni sawa.

Masengo, kaa vema hapo uliko. Majani yakiota juu yako usihesabu kwamba nimekusahau. Mama yako amesema atakuja na jembe kila mwezi, na wewe ni mutu wao, hapana mutu atamuzuia. Mi nakuahidi neno moja. Hata bamama bote bakinivuta nguo, hata Papa Ntumba akianza kulia, Tenke nitashuka, na mutoto wangu mugongoni, nitauliza treni ya Lubumbashi na sauti ya mutu anayejua anaenda wapi. Nikifika kwa Ma Sœur nitamwambia jina lako alikate na mukono wake mwenyewe, mi siwezi, halafu nita

Ngoja. Mama yako ananiita kwenye ua wa nyuma. Anaita jina langu lote, na nguvu, bila kujificha. Anasema treni ya kesho haiko tena, batu banapakiwa sasa, bamefika barabara yetu, Papa Ntumba ametangulia na sanduku, niache kuandika, nimufunge mutoto mugongoni, nipite ndani ya mihogo na