Mifupa Yangu Haina Shida

2 Mei

Kwa mwanangu Kitinda,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, hofu ni kwako tu na hiyo baridi. Panya wako wa maabara hawajambo?

Mshono wa shingoni umekauka. Goita lote limetoka, sasa nafunga kifungo cha juu kama mwalimu mkuu. Sauti tu ndiyo bado inakwaruza, kwa hiyo usipige simu, tuandikiane hivi hivi. Nimerudi kwenye cherehani, maana sare za shule hazisubiri mtu apone. Ila vidole na midomo vinanisumbua kidogo, kama sisimizi wanatembea. Uzee huo. Usijali.

Mama yako

3 Mei

Shikamoo Mama,

Mimi sijambo. Hao sisimizi wamenitoa jasho. Misuli nayo inakaza? Hospitali walikupa vidonge vya kalsiamu, vile vikubwa vyeupe. Unavimeza? Nijibu hili kwanza, panya baadaye.

Mwanao, Kitinda

6 Mei

Marahaba mwanangu,

Samahani kwa kukuweka, nilikuwa na suruali za darasa la kwanza. Vidonge nilimpa mama yako mkubwa. Kwenye kopo wamechora mfupa, na mwenye magoti mabovu ni dada yangu, si mimi. Mifupa yangu haina shida. Anasema magoti yameanza kusikia dawa. Usimgombeze, mimi ndiye niliyemlazimisha.

Nikuchekeshe. Jana nilikwenda duka la dawa kupima presha. Yule dada muuza dawa alipojaza upepo kwenye mkanda, mkono wangu ukajikunja, vidole vikakusanyika kama nafinya chumvi. Tulicheka sana. Halafu havikufunguka upesi, tukaacha kucheka.

Mama yako

6 Mei, jioni

Mama,

Nisamehe, hata kukuamkia siwezi. Nenda hospitali leo. Usimalize hata upindo mmoja.

Nyuma ya lile goita kulikuwa na vitezi vidogo mno vinavyolinda kalsiamu ya damu. Nadhani vimeumia wakati wa upasuaji. Kalsiamu si ya mifupa tu, Mama. Ndiyo ninayoitazama kila siku kwenye ubongo wa hao panya unaonitania. Ujumbe ukifika mwisho wa neva, kalsiamu inaingia na kufungua vifuko vya kemikali, na kemikali hiyo ndiyo inayovusha ujumbe hadi neva ya pili. Ujumbe ukipita njia ile ile tena na tena, kalsiamu inayoingia inakiimarisha kiungo cha neva hizo mbili. Ndivyo miguu yako ilivyojua kukanyaga cherehani huku unapiga soga.

Lakini kalsiamu iliyoko nje ya neva ina kazi nyingine, inazituliza. Ikipungua, neva zinafyatuka bila kutumwa. Ndio hao sisimizi. Ndio huo mkono. Ikizidi kupungua ni degedege, koo kubana, moyo kwenda mrama. Nakuomba, Mama. Nakupigia magoti.

Kitinda

7 Mei

Mama,

Hata neno moja tu. Nimepiga, simu inaita mpaka inakata. Nimempata mama mkubwa, nimemwambia aje kwako mbio na lile kopo, na akifika hospitali aseme kalsiamu kabla ya salamu. Alikuwa analia, sijui kama amenisikia.

Kitinda

8 Mei

Mama,

Mama mkubwa alisema "tuko hospitali", simu ikazima. Tangu hapo kimya. Maabara sikwenda. Nimekaa na simu mkononi, nasoma tena ile ya mkono na chumvi, na kila nikisoma naona nilichelewa. Nani ataniambia hali yako?

Kitinda

10 Mei

Kitinda wangu,

Naandika kitandani, kwa kidole kimoja.

Nilikusoma ile jioni. Nikajiambia nimalize suruali zilizobaki, asubuhi niende. Asubuhi dada yangu alinikuta sakafuni chini ya cherehani, nimekakamaa, meno yamefungana. Akaenda barabarani kutafuta gari, viatu kaviacha mlangoni pangu. Wamenitundikia dripu ya kalsiamu, polepole, nikawa naviona vidole vinafunguka kimoja kimoja.

Daktari aliuliza nani alimfundisha dada yangu kupiga kelele za kalsiamu pale mapokezi. Nikaandika: mwanangu. Akauliza, naye ni daktari? Nikaandika: hapana, anauguza panya. Alicheka, mimi sikuweza.

Vidonge sasa ni vya kila siku, pengine maisha yangu yote. Dada yangu ananishikia kikombe na kunikodolea macho mpaka nimeze.

Kuna moja nilikuficha. Sauti haikwaruzi, haipo kabisa. Waliponipasua waliniambia sauti huenda isirudi. Nilijua ningekuambia ungeacha masomo, na mimi ndiye niliyekusukuma uende. Sasa nimelala hapa, na kidole kikicheza kidogo tu nadhani ndio mwisho, na siwezi hata kumwita muuguzi.

Naogopa, mwanangu. Njoo.

Mama yako