Chupa za Mafuriko ya Kwanza

Jumatatu, 18 Machi 1985

Wageni wamefika ofisini kwetu, Idara ya Maji. Daktari mmoja wa Nairobi, Mmalagasi mmoja asiyejua neno la Kiswahili, na Bi. Rukia wa Tanga. Nchi zote za pwani hii zinapima mito yake kabla ya mkutano wa mwezi wa sita, ili ziandike mapatano ya kuilinda bahari. Kila nchi ilete uchafu wake mezani, asema Bi. Rukia. Asije mtu na mikono iliyokwisha kuoshwa.

Mbuvi, tunayekaa naye meza moja, alicheka. "Lois, tangu lini Voi ikawa na bahari?"

Niliwapeleka kwenye mto wetu, ambao mwisho wake ni baharini, chini ya kiwanda cha mkonge cha Msorongo. Mto mkavu. Mchanga mtupu. Mfereji wa kiwanda nao mkavu, maana kiangazi chote maji machafu ya mkonge hukusanywa bwawani. Bwawa limejaa — kijani, povu, harufu ya kukutapisha. Daktari aliuliza litamwagwa lini. Bi. Rukia hakungoja nijibu.

"Hata kwetu huko hungojewa mafuriko ya kwanza. Lango hufunguliwa, mto ukafagia. Bwawa likabaki tupu, na kule chini wavuvi wakavuta nyavu zinazonuka."

 Anayefungua lango la bwawa la Msorongo ni Alexander, kaka yangu.

Jumanne, 19 Machi

Wameondoka. Hawawezi kukaa hapa kuingoja mvua. Chupa za kupimia maji wameniachia mimi. Mafuriko yakishuka nijaze chini ya mfereji, pale uchafu unapokwisha kuingia mtoni, nizitie kwenye barafu, zipande treni ya Mombasa zikapimwe.

Bi. Rukia alinishika mkono kabla ya kuingia garini. Huko Tanga pia kuna mtu aliyeachiwa chupa, na kwa Mmalagasi vilevile. Mmoja wetu akidanganya, alisema, wengine watauliza kwa nini wao waseme kweli.

Rahisi kusema! Yeye hana kaka Msorongo.

Alhamisi, 21 Machi

Voi hakuna siri. Leo Wanza, mke wa Alexander, amenijia nyumbani, mtaa wa Kaloleni, na mtoto mgongoni. Hakukaa hata nilipomsogezea kiti.

"Wifi, nasikia siku hizi unachota maji ya wazungu."

Nikamwambia si ya wazungu. Ni ya Watanzania, Wamalagasi, Wasomali — na sisi.

"Na watoto wangu wako nchi gani kati ya hizo?"

 Mahindi ya kwetu Chawia, mlimani, yalikauka mwaka jana, na mpaka leo wazazi wetu wanakula unga wa Alexander. Chupa zikisema kweli, meneja wa kiwanda atahitaji mtu wa kulaumiwa, na mwenye lango ni Alexander. Akifukuzwa, nyumba pia inakwenda. Ni ya kiwanda.

Wanza alipunguza sauti. Maji ni maji, wifi. Chota juu ya kiwanda, pale darajani. Nani atajua?

Hakuna. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa.

Jumapili, 24 Machi

Chawia. Baba ametuita, mimi na Alexander. Yeye ni mzee wa kanisa, lakini hasira ya watoto wa tumbo moja hampelekei pasta. Baada ya ibada alitukalisha nyuma ya nyumba, akaleta maji katika kibuyu. Tutase, alisema. Kila mtu apige funda, atamke kilicho moyoni, ateme. Kilichotemwa hakimdhuru ndugu tena.

Alianza yeye. "Lolote atakalofanya Lois, lolote atakalofanya Alexander, hasira yangu ni hii, naitema." Maji yakaruka juu ya majani ya migomba. Mama naye. Mimi nilisema simtakii kaka yangu ubaya wowote. Nikatema. 

Alexander akapiga funda. Akanitazama — muda mrefu, mashavu yamejaa.

Akameza.

Amemeza! Mama alijifunika uso kwa leso. Baba alisema polepole kwamba maji ya kutasa hayanywewi.

"Nina kiu, Baba. Kazi yangu ni ya juani."

Hakuna aliyecheka. Tuliteremka mlima mmoja mbele, mwingine nyuma.

Jumatano, 27 Machi

Mawingu juu ya vilima vya Sagalla. Hayakushuka. Nimekagua chupa tena bila sababu.

Ijumaa, 29 Machi

Mkubwa wa ofisi aliniuliza kama nisingependa kuanza likizo ya Pasaka mapema. Umechoka, Lois, asema. Nikamjibu sijachoka. Alichezea kalamu. Meneja wa Msorongo ni mtu mzuri, alisema, wala sikuwa nimemtaja meneja.

Mbuvi hatanii tena. Leo ameninunulia chai, kama watu wanavyomfanyia mfiwa.

Jumatatu, 1 Aprili

Mbuvi aliingia mbio: mto unakuja! Nilidhani ni mchezo wa siku ya wajinga. Kumbe milimani imenyesha tangu alfajiri. Nilibeba chupa na barafu, nikapanda pikipiki ya ofisi.

Naandika nikiwa ukingoni, chini ya mfereji.  Maji yalinguruma kabla hayajaonekana, kisha yakaja — mekundu, na matawi, na ndara moja ya mtoto. Sasa yamejaa ukingo hadi ukingo. Mekundu tu. Udongo wa nyumbani. Mfereji bado mkavu.

Alexander yuko juu, kwenye ukuta wa bwawa. Mikono iko kwenye gurudumu la lango. Hajalizungusha. Ameniona.

Anapiga kelele. "Jaza sasa, Lois! Jaza!"

Nimeelewa. Nikijaza sasa, ni mafuriko ya kwanza kweli, ni chini ya mfereji kweli. Hakuna atakayesema nimedanganya. Nami nikishaondoka, atafungua.

Landrova ya meneja imesimama nyuma yake. Meneja ameshuka, ananyoosha mkono kuelekea lango. Alexander hamtazami. Bado ananitazama mimi.

"Dada, jaza! Unangoja nini?"

Nimefungua kifuniko cha chupa ya kwanza. Kisha nimekaa chini, kwenye jiwe, mahali anaponiona vizuri, chupa tupu mkononi, nangoja mfereji.