Mjomba Ndani ya Kopo la Biskuti

Jumatano, 4 Machi

Imewaka! Imewaka, imewaka, imewaka!

Juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya simu za wateja ninaowaambia "kesho" tangu wiki iliyopita. Watanivumilia. Kioo nimekitoa kwenye laptopu iliyovunjika mgongo. Kibodi ni ya ofisi iliyofungwa – herufi zimefutika, nimeziandika upya kwa rangi ya kucha. Ubao wenyewe wa kompyuta ni mdogo kama pakiti ya sigara, umelala ndani ya kopo la biskuti. Feni hakuna. Nyumba ya mjomba inategemea paneli moja ya sola na betri ya pikipiki, feni ni anasa. Nimepima: kompyuta nzima inakula umeme sawa na balbu ya sebuleni. Balbu! Nimecheza peke yangu mpaka fundi viatu wa jirani akachungulia kuuliza kama nimepigwa shoti.

Sasa sauti.

Alhamisi, 5 Machi

Imesema! "Habari." Basi. Sauti ya mtu aliyebanwa pua kwa kibanio cha nguo, lakini ni Kiswahili, na ni sauti.

Mjomba hana yake tangu mwaka jana. Madaktari walimtoa uvimbe kooni, sauti ikaenda nao. Dalali wa mnada! Mtu aliyekuwa akilinadi kabati bovu mpaka mwenye kabati anatamani kulinunua tena. Siku hizi anagonga kikombe kwa kijiko: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Binti yake anaolewa tarehe 21, na kaka yake, mjomba mkubwa, ameshaanza mazoezi ya hotuba ya baba wa bibi harusi, "kwa niaba". Alipotangaza hivyo, mjomba aligonga mara mbili, mara mbili, mara mbili, mpaka mkono wa kikombe ukakatika.

Mkewe ananiambia sasa mjomba amezua ugonjwa wa mguu. Asiposema yeye mwenyewe, hatakwenda harusini. Harusi ya mwanawe wa pekee!

Jumapili, 8 Machi

Nimeipeleka. Mjomba akaikagua kama mali ya mnada: akalizungusha kopo, akaligonga, akalinusa. Kisha akaandika kwa kidole kimoja, akabonyeza, na kopo likasema: "Bado linanuka biskuti."

Mkewe akapiga ukelele, akakimbilia jikoni, akarudi, akacheka, akalia, akaenda tena jikoni. Mimi nilikuwa naruka tu.

Ila mjomba anaandika kama alivyokuwa akinadi, bila kumeza mate. Kopo linasoma yote kwa mkupuo, huelewi kitu. Nikamwambia, "Mjomba, weka koma."

Akanikodolea macho. Kopo: "Nikome kwani nimefanya nini".

Nilianguka kwenye kochi! Nilipopata pumzi nikamweleza: koma ni hiki kijialama hapa, ukikiweka linatulia kidogo, ukiweka nukta linatulia zaidi. Akajaribu moja. Akajaribu tatu kwa mfululizo. Kopo likanyamaza... likanyamaza... likaendelea. Uso wake ulivyong'aa! Ule ukimya kabla ya nyundo kushuka – ndio huo alikuwa ameukosa.

Jumamosi, 14 Machi

Balaa. Simu kutoka kwa mke wa mjomba, huku nyuma kikombe kinalia kama kengele ya shule. Kopo limepata kigugumizi! "Wa-wa-wageni wa-wa" – kisha likazima. Nikaenda mbio, bisibisi mfukoni, roho mkononi.

Nafika: kopo limevishwa kitambaa cha kufuma, kile kizito chenye maua, sawa na redio, sawa na jagi, sawa na kila kitu humo ndani kisichoweza kukimbia.

"Lilikuwa uchi," akasema mke wa mjomba. "Na watu wanaingia na kutoka."

Nililigusa, nikauondoa mkono haraka. Nikamweleza kwamba halina feni, linapumulia yale matundu niliyotoboa juu. Akanuna. Mjomba akapepea kopo kwa gazeti kama mgonjwa wa homa. Baada ya robo saa likasema, kwa ufasaha kabisa: "Mke wangu alitaka kuniua mara ya pili." Hata yeye akacheka, ingawa alikuwa amejiapiza kununa.

Jumanne, 17 Machi

Amefuma kitambaa kipya chenye matundu kama wavu wa goli! Nimeweka kipimajoto: salama. Kila upande umeshinda.

Bibi harusi alipita kusikiliza mazoezi. Hotuba imekamilika, ukurasa mzima, koma zimepangwa kama askari. Mjomba mkubwa naye alikuwepo, akasema ni nzuri, lakini yake ataibeba tu, endapo kopo litagoma.

Binti akaukumbuka utoto wake. Baba yake alikuwa anamsimamisha juu ya stuli na kumnadi! "Binti mmoja! Meno pungufu! Anakula sana! Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Ya tatu, ile ya kuuza, hakuwahi kuitaja. Alimnyakua na kukimbia naye uani.

Mjomba akagonga kikombe. Mara moja.

Jumamosi, 21 Machi

Naandika nikiwa chini ya meza kuu. Kweli! Waya wa spika umelegea leo, leo hii, na dawa yake ni kidole changu. Kitambaa cha meza kinafika sakafuni. Naona viatu tu. Vya mjomba mkubwa vinatikisika – hotuba anayo mfukoni.

Wamemwita baba wa bibi harusi. Hotuba imehifadhiwa, ni kubonyeza kitufe kimoja tu.

Habonyezi. Anafuta! Nakijua kile kitufe, kinakwaruza, na amekishikilia. Ukurasa mzima! Mjomba, unafanya nini? Viatu vya mjomba mkubwa vimesimama.

Sasa anaandika. Kidole kimoja. Mungu wangu.

Kopo: "Binti mmoja. Meno yametimia. Bado anakula sana."

Ukumbi umelipuka! Bibi harusi anacheka kuliko wote. Viatu vya mjomba mkubwa vimeketi. Nataka kuruka lakini nitagonga kichwa, na waya je?

"Mara ya kwanza."

Wanapiga makofi.

"Mara ya pili."

Hakuna anayecheka tena. Viatu vyeupe vya bibi harusi vimekuja huku kwetu, vimesimama ncha kwa ncha na vya baba yake. Betri imejaa. Kopo halijapata joto. Waya nimeushika barabara. Kila kitu kinafanya kazi.

Anaandika tena. Sasa ni kitufe kile kidogo cha chini, nausikia mlio wake.

Koma.

Nyingine.

Nyingine tena.