Namba Niliyoifuta

Momela, Arusha
19 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Elirehema,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Tekla, na kwamba lile goti la kushoto limepunguza kelele. Huku tuko salama kwa kiasi cha watu wa umri wetu. Macho yangu yanaona mbali kuliko karibu, kwa hiyo mlima nauona kila asubuhi bila shida, ila miwani nikishaiweka mezani ndiyo kwa heri. Ndizi zimekubali mwaka huu. Kahawa imekataa. Mvua za vuli bado.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Mara ya mwisho nilikuambia ng'ombe wangu amekufa, ukanijibu, "Asante sana, na wewe pia." Nikaona heri kalamu.

Aliyekukabidhi barua hii ni Vaileth, mtoto wa Godbless, mjukuu wangu wa kwanza. Ulimwona siku ya msiba wa mke wangu Magdalena, akiwa darasa la tatu, akihesabu viti. Sasa ana miaka ishirini na amekuja huko Mbeya kusoma shahada ya sayansi ya kompyuta. Chumba cha chuo amepata, lakini naomba Jumapili awe anakula kwenu. Haogopi kazi, ila usimpe redio yako aitazametazame, maana ataifungua yote na kuitandaza mezani.

Hilo ndilo ombi la kwanza. La pili linahitaji maelezo.

Tangu amalize kidato cha sita, Vaileth alikuwa anafanya kazi kwenye steshenari moja kule Themi, mjini Arusha, akichapa barua za watu na kuwajazia fomu kwenye mtandao. Yake alijaza mwishoni kabisa. Wiki hiyo laini yake ilikuwa imepotea, hivyo pale panapotakiwa namba ya simu akaweka yangu. Chuo kikikuchagua kinakutumia ujumbe wenye namba ya siri, nawe unairudisha kwao kuthibitisha kwamba utakwenda. Usipoirudisha kabla ya siku waliyoweka, nafasi anapewa mwingine. Kwa hiyo masomo ya mtoto yalihamia kwenye kisimu changu cha kitochi, ambacho hapa Momela kinashika mtandao kwenye kona moja tu ya zizi la mbuzi.

Vyuo alivyovitaka vilikuwa viwili, kimoja hapa hapa Arusha, kingine huko kwenu. Alivipima kwa namna ambayo mimi sikuwahi kupimia hata mchumba. Alipiga mistari kwenye daftari: wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja, kompyuta ngapi zinazowaka, wiki ngapi za mafunzo kwa vitendo. Cha hapa alikwenda mwenyewe akakaa nje ya maktaba siku nzima akiwauliza wanafunzi wanachojutia. Cha Mbeya alimpigia binti mmoja wa mwaka wa tatu, wakaongea mpaka salio likaisha. Akanieleza kwamba hapa wangemfundisha kuendesha mitambo iliyokwisha kutengenezwa, na huko wangemfundisha kuitengeneza. Alisema vyote ni vizuri, ila yeye anataka kutengeneza.

Mama yake, mkwe wangu Prisca, yuko sokoni Maji ya Chai kila siku na hakuwa na upande. Alisema mwenye kusoma ndiye achague. Mimi nilisema hivyo hivyo.

Unajua kazi yangu, miaka thelathini na moja ya kupima mvua. Kila saa tatu asubuhi nilikuwa nasoma kipimo na kukitaja kwa redio ya upepo, tarakimu moja moja, na mpokeaji wa mjini anairudia kila moja kabla sijataja inayofuata. Nilistaafu, kipimo kikabaki uani kwangu, nami naendelea kukisoma kwa mazoea. Vaileth alikuwa anapanda huku kila Jumamosi kuyaingiza madaftari yangu kwenye kompyuta. Mimi nasoma, yeye anarudia na kuandika. Tangu Magdalena aondoke, Elirehema, hizo ndizo saa pekee katika wiki ambazo nyumba hii ina sauti mbili.

Ujumbe wa chuo cha Arusha uliingia Jumatatu. Niliuhifadhi. Wa Mbeya uliingia kesho yake. Nilivaa miwani, nikasimama pale kwenye kona ya zizi, nikausoma mara mbili, jina la chuo na la mtoto. Kisha nikaufuta.

Jumamosi alikuja. "Shikamoo Babu. Kuna meseji imeingia?"

"Marahaba. Ya hapa Arusha imeingia. Ya Mbeya sijaiona."

"Basi hawajanichukua," akasema. Hakulia. Alichukua rula, akaifuta Mbeya kwenye daftari lake kwa mstari mmoja ulionyooka, akarudi kwenye daftari langu la mwaka 1998 mahali tulipoishia.

Tukafika mwezi wa nne. Siku ile tuliyomzika mama. Wewe unakumbuka mvua ile, jeneza tulilifunika kwa turubai la lori na wachimbaji wakawa wanachota maji kaburini. Kwenye daftari, mbele ya tarehe hiyo, niliandika neno moja: Sikupima.

Vaileth akaniuliza, "Sasa Babu, si ungekisia tu? Mvua yote ile, nani angejua?"

Nikamwambia namba ya kukisia si namba.

"Ndiyo maana nayaamini haya madaftari," akasema, akaandika.

Nilitoka nje nikajifanya naangalia mbuzi. Niliona aibu, na sikumbuki kuona aibu ya namna ile tangu nikiwa kijana. Nilipoingia nikamwambia, "Ngoja kwanza. Kuna ujumbe uliingia Jumanne, nikadhani ni wa matapeli nikaufuta. Sijui, labda ndio huo."

Aliniamini papo hapo. Jirani yetu Loishiye alishatapeliwa kwa ujumbe wa simu, na tangu hapo mimi hufuta kila ujumbe wa namba nisiyoijua. Mtaa mzima unajua. Vaileth alicheka mpaka akaketi chini. "Babu wewe! Chuo kikuu unakiita tapeli?" Habari hiyo imeshafika sokoni Maji ya Chai, na wanawake wa pale wananisalimia kwa jina la Mzee Delete.

Mwisho wa kuthibitisha ulikuwa Jumatatu iliyofuata. Asubuhi hiyo Vaileth alikuwa Themi mbele ya kompyuta, ameomba watume namba upya, nami niko zizini tangu saa moja. Ujumbe ulifika saa tatu kasoro. Niliziandika tarakimu sita kwenye daftari la mvua, kwa kuwa ndilo nililokuwa nalo, nikampigia.

"Saba," nikasema.

"Saba," akarudia.

"Sifuri."

"Sifuri."

Hivyo hivyo mpaka ya sita. Nakuambia ukweli, kabla ya ile ya mwisho nilinyamaza. Ningeweza kutaja tatu badala ya nane, na macho yangu yangebeba lawama. Akaniita, "Babu, upo?" Nikataja nane. Akarudia nane. Nikasikia akibonyeza, kisha akapiga kelele za furaha, na yule mwenye steshenari naye akapiga.

Hapo ndipo lilipo ombi la pili. Kila mtu hapa ananicheka kwa kosa ambalo sikulifanya, na nililolifanya hakuna anayelijua. Nimejaribu kumwambia mara tatu. Jana alikuja kuniaga na kulala hapa, nikafungua mdomo, nikamwuliza kama amebeba sweta. Nampenda mno mtoto huyu na nilitaka abaki. Hiyo ndiyo sababu na sina nyingine.

Barua hii ameibeba mwenyewe toka Arusha bila kujua kilichomo. Ukimaliza kuisoma, mpe naye asome. Usinitetee. Akikasirika mwache akasirike, ila hakikisha amekula kwanza.

Nisalimie shemeji Tekla, na umwambie mbegu zake za maharage zimetoka vizuri. Prisca anawasalimu. Godbless yuko safarini na lori, akirudi atawapigia, nawe umpe shemeji aongee. Mungu aliyetulinda tangu kwenye mgongo wa mama aendelee kuwaangalia.

Mwambie Vaileth madaftari yamebaki tisa. Kila siku saa tatu asubuhi nitakuwa kwenye kona ya zizi, daftari mkononi. Simu nitaiwasha. Akipiga, nitamsomea. Asipopiga, nitaandika hivyo hivyo: Hakupiga.

Kaka yako anayekukumbuka daima,
Sifael Sumari