Mstari Mmoja Juu ya Neno

3 Machi

Kwa mwanangu Kipenga,

Pokea salamu za baba yako. Mimi sijambo, ukiliacha goti, ambalo kila asubuhi huamka baada yangu. Wewe je, na mkwe wangu? Zamu za wodini hazikuchoshi?

Nimefurahi kusikia umepata nyumba unayoipenda. Sasa inabaki kuijua. Nivumilie, karani mstaafu wa masijala ya ardhi akipata mtu wa kumsikiliza haachi upesi.

Irudie nyumba hiyo siku mvua imetoka kunyesha. Fungua makabati, ingiza kichwa, unuse. Unyevu unaweza kufunikwa kwa rangi, harufu yake haifunikiki. Ukiona kona moja ina rangi mpya na tatu zina rangi kuukuu, muulize mwenye nyumba ile moja ilikuwa na nini. Na ule ufa wa chumba cha chini ulionieleza, bandika juu yake ukanda mwembamba wa karatasi kwa uji wa unga, uandike tarehe. Ukichanika baada ya wiki chache, ukuta bado unatembea. Mwite mwashi kabla ya fundi rangi. Usipochanika, ni ufa wa uzee tu, kama mikunjo yangu.

Usiridhike na hati aliyoishika muuzaji. Nenda masijala mwenyewe, uombe nakala ya ukurasa wa kiwanja hicho kwenye daftari. Soma jina la mwenyewe, soma kama kuna mwingine mwenye dai, kisha soma mipaka. Mipaka watu huiruka. Wewe ichukue, uende nayo uwanjani. Na ukikuta neno limekatwa, usishtuke. Sisi hatufuti. Neno lenye kosa hupigwa mstari mmoja, likabaki linasomeka, lililo sahihi likaandikwa juu yake, na mwandishi akatia sahihi na tarehe. Kwa miaka thelathini na moja, mimi sikupiga mstari huo hata mara moja. Najisifu, najua. Mama yako angekuwepo angekohoa.

La mwisho. Unasema chumba cha chini ni kizuri kwa sababu hakina ngazi. Wewe ngazi unazipanda mbilimbili, kwa hiyo nimekuelewa. Usichague nyumba kwa ajili yangu. Siji kukaa kwa watu.

Baba yako

21 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mkweo anakusalimu, na anasema amenusa makabati yote mpaka akaishia kupiga chafya. Goti linasemaje? Ile dawa unaipaka, au umeiweka dirishani uitazame?

Karatasi nimeibandika leo. Masijala nilikwenda juzi pamoja na muuzaji, yule mama mshonaji. Jina ni lake, dai hakuna. Mipaka nikaenda kuisoma uwanjani, na hapo ndipo nilipokwama. Kichochoro cha watu wote kinapita magharibi ya nyumba. Nimekipita kwa miguu yangu. Daftari linasema kinapita mashariki. Mashariki ndiko kilikojengwa chumba cha chini. Yaani kwa maandishi, Baba, chumba kile kimekaa juu ya njia ya watu, na siku yoyote kinaweza kuamriwa kivunjwe. Mama mshonaji alilia. Miaka yote hiyo hakujua. Wakili ananiambia niachane na nyumba hii.

Nimekuwekea nakala humu. Itazame polepole kabla hujanijibu. Ile herufi k yenye mkia uliopinda kama ndoana naifahamu. Ipo kwenye majalada ya madaftari yangu yote ya shule, uliyoniandikia jina wewe.

Nisamehe kama nimekosea.

Kipenga wako

30 Aprili

Baba, shikamoo.

Zinakaribia wiki sita hujajibu, na simu umeizima. Nimempigia jirani yako muuza duka. Anasema amekuona mara mbili ukitoka alfajiri na suti yako ya kazini, viatu vinang'aa, na alipokuuliza uendako ulimwambia, "Natembeza goti."

Sikukuandikia ili kukuaibisha. Nyumba ziko nyingi, tutatafuta nyingine, na jambo hili sitalitaja tena. Niambie tu kwamba u mzima.

Kipenga

8 Mei

Kwa mwanangu Kipenga,

Ni mzima. Goti limesafiri kuliko lilivyotaka, lakini tumerudi wote wawili.

Ile k ni yangu. Nilipoiona nilivua miwani, nikaipangusa, nikaivaa tena, nikitumaini itakuwa ya mtu mwingine. Siku ya kwanza nilikukasirikia wewe. Ya pili nikamkasirikia mshonaji, maskini, ambaye hata simjui. Ya tatu sikuwa na mwingine aliyebaki.

Ndipo nikatazama tarehe ya ukurasa. Ulikuwa na siku nne duniani. Wakunga walikuita Kipenga kwa jinsi ulivyolia, na siku zote nne baba yako hakufumba jicho. Lawama sikupi, kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nakueleza tu jinsi mashariki ilivyoandikwa mahali pa magharibi.

Kosa la namna hii hurekebishwa hivi. Daftari hunakiliwa kutoka ramani ya mpima ardhi, kwa hiyo ramani ndiyo shahidi mkubwa. Nilikwenda masijala mara mbili kabla haijapatikana, chini kabisa ya kabati. Kichochoro kiko magharibi. Kisha nikaapa mbele ya wakili kwamba ni mimi niliyeandika, na kwamba niliandika vibaya. Kisha majirani wa pande zote mbili wakatia sahihi. Ndiyo, nilifika mpaka kwenye nyumba ile na sikukuambia. Niliona aibu. Fundi saa wa upande wa magharibi alinihoji kama askari, halafu akanipa kiti.

Afisa wa sasa ni binti mdogo kuliko wewe. Alisoma kiapo changu, akalifungua daftari, akasema, "Mzee wangu, mstari sharti niupige mimi. Lakini rula nishikie wewe."

Nilimshikia rula. Neno la zamani bado linasomeka.

Kachukue nakala mpya, umwonyeshe wakili wako. Chumba kiko salama. Ukinunua na kuanza ukarabati, anza na paa, kisha mabomba na nyaya za umeme. Rangi iwe ya mwisho kabisa, hata fundi akuharakishe vipi.

Baba yako

27 Juni

Baba,

Shikamoo, na asante. Nimeisoma barua yako wodini, nikamwambia mgonjwa wa kitanda cha tatu kwamba ni mafua.

Hati imetoka, ina jina langu na la mkweo. Paa limekwisha, mabomba yamekwisha, nyaya zimekwisha. Ile karatasi juu ya ufa ina wiki ya kumi na nne na haijachanika. Fundi rangi amesimama na brashi yake ananiuliza aibandue au apake juu kwa juu. Nimemwambia ukuta ule asiuguse mpaka mwenye chumba auone.

"Mwenye chumba ni nani?" akauliza.

"Mwenyewe bado hajui," nikamjibu.

Kizingiti cha mlango wa chumba hicho nimekiondoa, kwa ajili ya goti fulani. Sikuombi kitu, Baba. Nakupa tu taarifa ya ukarabati.

Kipenga wako

6 Julai

Kwa mwanangu Kipenga,

Taarifa nimeipokea. Goti linakusalimu, habari ya kizingiti limeisikia.

Mwambie fundi rangi asubiri mpaka Jumamosi. Ufa ule nataka kuusoma mwenyewe.

Sasa itafute barua yangu ya tarehe 3 Machi. Katika mstari wa mwisho kuna kosa la karani. Chukua rula, upige mstari mmoja juu ya neno "Siji", na juu yake uandike "Naja". Usilifute la zamani. Acha lisomeke, ijulikane nilikuwa mbishi kiasi gani. Mwishoni mwa mstari huohuo kuna neno "watu". Likate nalo. Unajua la kuandika juu yake.

Tia tarehe ya leo. Sahihi nitakuja kuitia mwenyewe.

Baba yako