Hotuba ya Taata Imeenea Yote

Baba Avit,

Ndizi nimeshamenya, ziko kwenye maji. Pika na maharage ya jana, na safari hii usisahau chumvi.

Nimeenda Ijumbi kumpelekea mama yako diski ya sherehe ya kumuaga binti yetu Edvina alipoolewa. Nzima, haijakatwa! Mashine uliyonunua wewe inachoma DVD tu, na video yote haienei kwenye DVD moja, ndiyo maana ukataka tuondoe hotuba ya marehemu Taata, baba yako, eti kutaja ukoo nusu saa kunachosha watu. Nilinuna wiki nzima, uliona. Leo asubuhi nimeirudisha dukani Miembeni, nikachukua ya Blu-ray, diski zenye nafasi kubwa kuliko DVD, nayo inachomekwa kwenye kompyuta kwa waya. Muuzaji akauliza kama deki ya mama inasoma diski hizo. Nikampigia, akavaa miwani, akanisomea maandishi ya mbele herufi moja moja. Inasoma! Nilishusha pumzi palepale dukani. Video yote imeingia kwenye diski moja, na picha ni safi, hata mvi za Taata unaziona.

~~Usiiguse hiyo mashine.~~ Iguse tu. Nakala yako iko ndani yake. Peleka mpaka mwisho wa hotuba uliyotaka ikatwe. Hata mimi siku ile sikuisikia, nilikuwa jikoni. Akimaliza mababu wote, Taata anasema, "Na mwanangu Rwekaza ndiye aliyeniogesha nilipougua." Kisha anageuka kukutafuta, na wewe uko nje unagawa soda.

Mama Avit